Waliopona sepsisi ICU: moyo unarudi, taarifa zake zinabaki wodini (UZI)

Kipepeo_Mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu salama? Uzi ni mrefu kidogo, naomba yeyote anayeuguza mtu ICU au aliyewahi kulazwa huko ausome mpaka chini.

Kaka yangu ana miaka 44. Alianza na maumivu ya kiuno upande mmoja na homa ya kutetemeka, tukachukulia kawaida, siku ya tatu akaanza kuongea vitu havieleweki, mikono ya baridi, mkojo hamna. Kufika hospitali presha 70 kwa 40. Ikaja kujulikana kuna jiwe limeziba njia ya mkojo na maambukizi yametoka kwenye figo yakaingia kwenye damu. Sepsisi. Akalala ICU siku 11, sita kati ya hizo yuko kwenye mashine ya kupumulia na dawa ya kupandisha presha inapita kwenye mshipa wa shingoni masaa yote.

Siku ya pili daktari alituita pembeni mimi na wifi, akasema moyo nao umelegea, wamempiga eko (ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) unasukuma asilimia 30 wakati mtu mwenye moyo mzima ni 55 kwenda juu. Wifi alikaa chini pale pale kwenye korido. Kaka hajawahi kuumwa moyo, alikuwa na presha tu anameza kidonge kimoja asubuhi basi. Siku ya tisa wakarudia eko, 55! Hata daktari mwenyewe uso ulichanua, akasema moyo umerudi, na sisi tukalibeba hilo neno mpaka nyumbani.

Sasa wiki ya sita tangu aruhusiwe nikaenda kuwatembelea. Asubuhi nimepita mlango wa bafu uko wazi, nikamkuta ameinamia sinki, mswaki bado uko mdomoni, mikono miwili imeshika kingo za sinki kama mtu aliye kwenye boti. Nikaangalia shingo yake, ule mshipa wa pembeni unarukaruka hauna mpangilio, mara mbili haraka haraka, unatulia, mara tatu, unatulia, tena moja. Ananiambia "niache, itapita, huwa inapita". Huwa inapita! Kumbe ilishakuwa inakuja wiki nzima na hajamwambia mtu.

Kliniki wakasema ni uchovu wa ICU, ale alale. Wakapima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka safi kwa sababu muda ule ilikuwa imetulia. Tukarudi. Tukaenda tena, uchovu. Mara ya tatu nikakataa kutoka chumbani mpaka wakamvalisha kale kamashine ka kifuani ka masaa 24, na kweli saa nane usiku kakanasa mapigo 142 yasiyo na mpangilio, wenyewe wanaita AF, yaani vile vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kubana.

Kilichoniuma siyo AF. Nilipoenda kuomba faili la ICU, muuguzi akafungua zile karatasi kubwa za kila saa, siku ya nne imeandikwa kwa mkono kabisa kwamba mapigo yalipanda 150, yakawa AF, akapewa dawa ya mshipa, yakatulia baada ya saa chache. Kwenye karatasi ya ruhusa kuna mistari mitatu: sepsisi, jiwe la figo, amalize antibayotiki. AF haipo. Eko ya asilimia 30 haipo. Na kile kidonge chake cha presha, walikisimamisha ICU kwa sababu presha ilikuwa chini (sahihi kabisa), ila hakuna aliyekirudisha, miezi miwili kaka anatembea na presha 160 na zaidi hana habari.

Sitataja hospitali. Waliokoa maisha yake na nawashukuru mpaka kesho. Ila nimejifunza kwamba moyo wa mtu wa sepsisi una historia yake, na ile historia isipotoka na mgonjwa mlangoni hakuna atakayeijua. Waliopitia na wataalamu karibuni.

ZamuYaUsiku

Pole sana dada, na hongera kwa kukataa kutoka chumbani.

Mimi ni muuguzi wa ICU mwaka wa 12 huu. Ulichoandika nakijua kwa sababu mimi ndiye huwa naandika hizo karatasi za kila saa. Niseme ukweli, AF inayokuja katikati ya sepsisi tunaiona mara kwa mara, na wakati ule mgonjwa ana matatizo saba makubwa zaidi, figo zimesimama, presha haishiki, mapafu yamejaa, kwa hiyo AF ikitulia ndani ya saa chache watu wanapumua na kusonga mbele. Mgonjwa anahamishiwa wodi ya kawaida, kule timu ni nyingine, wanapokea muhtasari, kutoka pale muhtasari wa muhtasari ndiyo unaenda nyumbani. Kila hatua kitu kimoja kinadondoka.

Na hiyo ya dawa za zamani ndiyo mbaya kuliko zote. Tunasimamisha za presha, tunasimamisha nyingine zote ambazo figo hazitaki, halafu kuna zile tulizoanzisha sisi kwa ajili ya ICU tu nazo mtu anaendelea kumeza nyumbani hajui ni za nini. Siku ya ruhusa chukueni orodha ya dawa alizokuwa anatumia kabla hajaugua, kaeni na daktari, moja baada ya nyingine: hii inarudi? lini? hii mpya inaisha lini?

Tulivu_2

Naombeni msaada haraka, baba yangu yuko ICU siku ya tatu sasa, nimonia imegeuka sepsisi, leo wametuambia EF, ile asilimia ya moyo kusukuma, ni 35. Nimesoma huu uzi natetemeka. Hiyo 35 maana yake ndiyo anaondoka? Ana miaka 63 hajawahi kuumwa moyo.

DktMapigo

Tulivu_2 pole, kwanza keti upumue. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, simjui baba yako na siwezi kusema hatma yake kupitia simu, lakini hiyo namba peke yake sio hukumu.

Kuna utafiti mdogo lakini maarufu sana wa mwaka 1984 kule Marekani, Margaret Parker na wenzake, walifuatilia wagonjwa 20 wenye sepsisi iliyoangusha presha. Waliopona walikuwa 13, na kati ya hao 10 moyo wao mwanzoni ulikuwa unasukuma chini ya asilimia 40. Saba waliofariki, hakuna hata mmoja aliyeanza na EF chini ya 40. Na wale waliopona mioyo yao ilirudi kawaida ndani ya siku kumi hivi. Watu walishtuka. Usiisome kama vile EF ndogo inamkinga mtu, tafiti zilizofuata hazijaonesha hivyo, ila ulikuwa mwanzo wa kuelewa kwamba moyo unaweza kulegea vibaya kwenye sepsisi na bado ukanyanyuka.

Kwanini namba inadanganya: EF inategemea na upinzani ambao moyo unasukumia. Kwenye sepsisi mishipa imelegea, imetanuka yote, kwa hiyo hata moyo dhaifu unaweza kutoa asilimia nzuri kwa sababu hakuna kinachouzuia, ni kama kusukuma mlango ambao hauna komeo. Ukimpa mtu noradrenalini, ile dawa ya kupandisha presha, mishipa ikabana, ndipo udhaifu unajitokeza na EF inashuka kwenye karatasi. Kwa hiyo mwenye 65 anaweza kuwa na hali mbaya kuliko mwenye 35. Muulize daktari wake: figo zinatoa mkojo? laktati (asidi inayopanda kwenye damu mwili ukielemewa) inashuka? dawa ya presha inapunguzwa au inaongezwa? Hayo yatakuambia zaidi.

Tulivu_2

Mungu akubariki daktari. Mkojo umeanza kutoka tangu jana jioni. Naenda kuuliza hayo mengine.

Baba_Pacha

Swali la mtu asiyejua, hivi bakteria wanaingia kwenye moyo ndio wanaula? Na kama ni shambulio la moyo mbona wanasema mishipa ya moyo mizima? Shemeji yangu walimpima troponini, kile kipimo cha damu cha kuona kama msuli wa moyo umeumia, ikawa juu wakatuambia sio shambulio la moyo, hatukuelewa kabisa.

DktMapigo

Swali zuri mkuu. Mara nyingi bakteria hawagusi moyo kabisa. Sepsisi yenyewe ni mwili kujibu maambukizi kwa fujo mpaka unaumiza viungo vyake. Zile kemikali za vita, saitokini, zinalegeza misuli ya moyo. Gesi ya naitriki oksaidi inatengenezwa nyingi kupita kiasi. Ndani ya seli, mitokondria ambazo ndizo zinatengeneza nguvu zinafanya kazi vibaya, seli iko hai, oksijeni inafika, lakini kuitumia inashindwa. Kalsiamu ambayo ndiyo inauamsha msuli ubane inapita hovyo. Na vile vipokezi vya adrenalini vimepigiwa kelele siku nzima mpaka vinaacha kusikia. Ukiangalia hiyo picha utaona kwanini unarudi: sehemu kubwa ya seli hazikufa, zilijizima. Kwenye shambulio la moyo mshipa umeziba na nyama inakufa, inabaki kovu. Hapa damu ya kwenye mishipa ya moyo inapita vizuri tu, troponini inavuja kwa sababu seli zimeumizwa, siyo kwa sababu bomba limeziba. Ndio maana shemeji yako walimwambia vile.

Isipokuwa kuna hali moja bakteria wanaingia kweli, wanaota kwenye vali, vile vilango vya ndani ya moyo. Bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus akionekana kwenye damu, mgonjwa anatakiwa apigwe eko, na mtu aliyetoka hospitali homa zikarudi bila sababu asikae nyumbani akimeza za maumivu.

Sasa nirudi kwa mwanzisha uzi. "Moyo umerudi" ni kauli ya kweli lakini ni nusu. EF inapima kubana. Haipimi kulegea. Moyo unatakiwa ulegee upokee damu kabla haujabana, na kwenye sepsisi wagonjwa wengi moyo unashindwa kulegea vizuri huku EF ni nzuri kabisa, halafu kuna upande wa kulia unaosukumia kwenye mapafu, nao unapigwa na nimonia na mashine ya kupumulia, na watu hawauzungumzii kwa sababu kila mtu anauliza ile namba moja.

Na baada ya kutoka, tafiti kubwa zilizolinganisha waliopona sepsisi na watu wengine zinaonesha shambulio la moyo, kiharusi na moyo kushindwa kusukuma damu huwapata waliopona kwa kiwango cha karibu mara moja na nusu au zaidi kidogo. Mwezi wa kwanza ndio mkali kuliko yote, halafu hatari inashuka taratibu ila inabaki juu hata miaka mitano. AF iliyotokea wakati wa sepsisi ina tabia ya kurudi, na wenye nayo wanapata kiharusi na moyo kushindwa kazi zaidi ya wenzao. Ndiyo maana ile mistari iliyokosekana kwenye karatasi ya kaka siyo jambo dogo la ofisini.

Nuru_ya_Pili

Naomba na mimi nichangie kama mgonjwa maana humu wanaongea wauguzaji na madaktari.

Mimi nilipata sepsisi siku ya tano baada ya kujifungua, nina miaka 29. ICU wiki mbili. Nilivyorudi nyumbani nilikuwa nikipanda ngazi sita tu napumua kama nimekimbia, moyo unadunda hadi nausikia kwenye meno. Nikajiambia huu ni moyo, nimeuharibu, mtoto wangu atakua bila mama. Usiku nilikuwa nakaa kitandani nimeshika mkono wangu nahesabu mapigo mpaka alfajiri.

Nikapimwa kila kitu. Eko safi, kale kamashine ka kuvaa safi, damu ndiyo ilikuwa kidogo na misuli ilikuwa imeisha. Fiziotherapia aliyenihudumia ndiye alinieleza kwamba mtu mahututi anapoteza nyama za paja kwa kasi ya kutisha, wiki ya kwanza tu zaidi ya sehemu moja ya kumi inaweza kwenda. Sasa ukisimama na miguu ambayo haina nyama, mwili unaomba oksijeni nyingi kwa kazi ndogo, moyo unakimbia kuhudumia. Moyo wangu ulikuwa unafanya kazi yake vizuri kabisa, mimi ndiye nilikuwa nauogopa. Na ile hofu nayo ilihitaji mtu wa kuzungumza naye, nilikuwa nikisikia mlio wowote unaofanana na wa mashine za ICU natoka jasho.

Sisemi ili watu wapuuze, hapana, Kipepeo alifanya sawa. Nasema wapimwe, na ikitoka siyo moyo waamini, wasijifungie kitandani kama nilivyofanya mimi wiki tano.

Mzee_wa_Busara

Kwa uzoefu wangu mtu aliyetoka ICU alale miezi mitatu asiguse kitu, moyo upumzike. Hizo habari za mazoezi ndio zinaua watu.

ZamuYaUsiku

Mzee wangu shikamoo, kwa heshima zote hapo hapana. Kulala ndiko kunamaliza. Sisi siku hizi mgonjwa akiwa bado yuko kwenye mashine, akiwa ametulia tunamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu inagusa sakafu. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 unapendekeza aliyekaa kwenye mashine zaidi ya masaa 48 au ICU zaidi ya masaa 72 apelekwe kwenye huduma ya kurejesha nguvu. Kinachotakiwa ni kipimo: leo mlango wa chumba, kesho mlango wa nje, asimame akiishiwa pumzi kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi. Mapigo yakigoma kushuka baada ya kupumzika, au kifua kikibana, au kizunguzungu cha kuanguka, hapo unasimama na unaenda hospitali.

Na asisimame ghafla kutoka kitandani, presha inadondoka, hiyo ni ya kawaida sana wiki za mwanzo.

Mzee_wa_Busara

Marahaba. Nimekuelewa mwanangu. Nilimlaza mke wangu hivyo hivyo mwaka juzi, nilidhani namsaidia.

ZamuYaUsiku

Ulikuwa unampenda mzee, hakuna aliyekuambia. Hilo ni kosa letu siyo lako.

Baba_Pacha

Na miguu kuvimba? Shemeji alitoka na miguu kama magogo.

DktMapigo

Mwanzoni mara nyingi ni maji. Mgonjwa anapewa dripu nyingi saa za mwanzo, mishipa inavuja, protini ya albumini imeshuka, maji yanakaa chini ya ngozi na yanachukua wiki kadhaa kutoka. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, hesabu mpaka kumi, achia, shimo likibaki yapo. Kinachonipa wasiwasi ni uvimbe uliokwisha halafu ukarudi, hasa ukija pamoja na uzito kupanda kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, au mtu hawezi kulala bila mito mitatu, au anaamka usiku anatafuta hewa dirishani. Huyo haendi kesho, anaenda leo.

Na chanjo za mafua na nimonia muulize daktari, maambukizi mapya ndiyo sababu kubwa ya kurudi wodini. Kule Marekani karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wa sepsisi wanarudi hospitali ndani ya siku 90, wengi ni maambukizi tena, na moyo kushindwa kazi upo kwenye sababu za juu.

Kipepeo_Mweusi

Asanteni sana wote, sikutegemea. Nuru_ya_Pili nimemsomea kaka ujumbe wako wote, alinyamaza halafu akasema "hayo ya kuhesabu mapigo usiku hata mimi". Wiki zote zile wifi alidhani amelala.

Mrejesho: juzi tumeonana na daktari wa moyo. Eko mpya EF 58, ila kile chumba cha juu cha kushoto kimetanuka kidogo, akasema inawezekana presha ya miaka mingi ilikuwa imeanza kukitanua kabla hata ya sepsisi, kwa hiyo sepsisi iliukuta moyo ambao tayari ulikuwa na ufa. Amerudishiwa kidonge cha presha, ameongezewa cha kutuliza mapigo, na cha damu isigande kwa sasa, wataangalia tena baada ya miezi mitatu kama kitaendelea. Nilimuonyesha ile nakala ya karatasi ya siku ya nne. Aliisoma mara mbili, akaibana kwenye faili lake juu kabisa.

Nimemnunulia kaka daftari. Asubuhi kabla ya chai uzito, presha, mapigo, na mstari mmoja wa alivyoamka. Jana mstari ulisema "nimetembea mpaka getini na kurudi mara nne, sikusimama".

Tulivu_2

Wakuu narudi. Siku ya nane leo. Baba ametolewa mashine jana mchana, sauti imekauka ila anaongea, ameuliza miwani yake iko wapi. EF 48. Nilimuuliza daktari kama alipata AF, akaangalia kwenye kompyuta akasema ndiyo, juzi usiku, dakika arobaini. Nikamuomba aiandike kwenye karatasi ya ruhusa siku ikifika, pamoja na eko zote mbili na tarehe zake. Akaniuliza wewe ni mtu wa afya? Nikamwambia hapana. Akachukua kalamu akaandika kwanza kwenye ile karatasi iliyo mbele ya faili, kwa herufi kubwa, ili atakayempokea wodini aione.